Twiga Alihesabiwa. Sisi Je?

Tarehe 2 Desemba 2020, twiga jike anayeitwa Asiwa alivuka Ziwa Baringo akiwa amesimama wima. Hakuogelea. Alikuwa ndani ya jukwaa la chuma la mstatili, kuta zimeinuliwa pande zote ili asiruke, na chini ya jukwaa kulikuwa na mapipa matupu. Boti zikalivuta polepole kutoka Longicharo hadi hifadhi ya jamii ya Ruko, upande wa nchi kavu. Picha zile ulizionaje? Zilizunguka dunia nzima. Watu wakacheka, wakapenda, wakatumiana, kisha wakasahau.

Mimi sijasahau, kwa sababu kuna swali moja ambalo karibu hakuna mtu aliuliza: walijuaje kwamba lile jukwaa halitazama?

Na swali la pili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Kama twiga mmoja alipigiwa hesabu hivyo, mbona sisi watu wa Bonde la Ufa tunapanda boti kila siku bila mtu kuhesabu chochote?

Tuanze na historia ya wale twiga. Mwaka 2011, twiga 8 wa aina ya Rothschild waliletwa Longicharo. Wakati huo Longicharo ilikuwa rasi, yaani ardhi iliyoingia ziwani lakini bado imeshikana na nchi kavu. Hifadhi ya Ruko yenyewe ni ya jamii mbili, Wapokoti na Wailchamus, ambazo zamani zilikuwa na uhasama, na twiga wakawa kama mali ya pamoja ya kulinda amani. Kisha maji yakaanza kupanda. Mwaka 2010 Ziwa Baringo lilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 130. Kufikia 2020 lilikuwa linakaribia 195. Rasi ikawa kisiwa, kisiwa kikazidi kupungua, na twiga wakabaki juu yake kama abiria waliosahaulika stejini.

Ndipo Ruko, shirika la wanyamapori la KWS, Northern Rangelands Trust na Save Giraffes Now wakaungana. Jukwaa likaundwa, twiga wakazoeshwa kuingia ndani kwa kuwekewa chakula, na safari zikaanza. Hawakuwasomba wote kwa mpigo. Safari zilifanywa kwa miezi, na wa mwisho, Ngarikoni na mtoto wake Noelle, walivuka tarehe 12 Aprili 2021. Jumla walikuwa 9, na wote walifika.

Sasa twende kwenye lile swali la kwanza.

Kama umelelewa kwenye nyumba inayopika githeri, tayari unajua nusu ya fizikia hii. Mama akiosha maharagwe, yale yanayoelea juu anayatoa na kuyatupa. Kwa nini? Kwa sababu mdudu ameshakula ndani, na mahali palipokuwa na chakula sasa pana hewa. Kwa nje harage ni lile lile, saizi ni ile ile, lakini limekuwa jepesi kwa ukubwa wake. Yai nalo hivyo hivyo: bichi zuri linalala chini ya maji, bovu linapanda juu. Hakuna aliyemwita mama mwanasayansi, lakini hapo alipokuwa akiosha alikuwa anapima densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinachochukua.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Hiyo ndiyo namba ya kushika, hata ukisahau zingine zote. Kitu kikiingia majini kinasukuma maji pembeni ili kipate nafasi, na yale maji yaliyosukumwa yanarudisha, yanakisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wao. Archimedes wa Syracuse aliandika jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ndiyo maana shuleni tunaliita kanuni yake. Chukua pipa tupu la lita 200, funga kifuniko, lizamishe lote. Litasukuma maji ya kilo 200. Pipa lenyewe tuseme lina kilo 20. Bado unabaki na kilo 180 za kubebea mzigo. Mapipa 10 yanabeba kilo 1,800. Twiga jike mzima ana uzito wa karibu kilo 800. Ongeza chuma cha jukwaa, ongeza watu, kisha ongeza mapipa hadi ubaki na nafasi kubwa ya ziada kwa ajili ya mawimbi na kwa ajili ya mnyama anayeweza kushtuka na kuegemea upande mmoja. Hapo ndipo kulikuwa na usalama wa Asiwa. Ni hesabu za kujumlisha na kutoa tu.

Lakini usidhani ujuzi huu uliletwa Baringo na mapipa. Hapana. Miaka mingi sana kabla ya pipa la kwanza kufika, Wailchamus walikuwa wanavua samaki ziwa lile lile kwa vyombo vya mti wa ambachi. Huu ni mti unaoota kwenye maji ya kingoni, na mbao zake ni kati ya mbao nyepesi kabisa duniani. Ndani umejaa vishimo vidogo vya hewa. Wavuvi hukata miti hiyo, huikausha, kisha huifunga pamoja kuwa chombo kidogo cha mtu mmoja. Mvuvi anakaa humo na kupiga maji kwa vibao viwili vidogo, kimoja kila mkono.

Na hapa kuna jambo ambalo watalii wengi huliona bila kulielewa. Chombo cha ambachi kinavuja. Maji yanaingia, mvuvi analowa makalio, na hana wasiwasi hata kidogo. Kwa nini? Boti ya chuma inaelea kwa sababu ya hewa iliyo juu ya sakafu yake, kwa hivyo maji yakijaa ndani, hewa imetoka, na boti inakwenda. Chombo cha ambachi kimebeba hewa ndani ya mti wenyewe. Kujaa maji hakukizamishi. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipokuwa ikipita huku karne ya 19, ikisimama Njemps kununua chakula kwenye mashamba ya Wailchamus yaliyomwagiliwa maji, iliwakuta watu ambao tayari walikuwa wanalijua ziwa lao. Hebu tuache kusema eti sayansi ilikuja na meli.

Tushuke kusini kidogo, Naivasha. Jina lenyewe linatokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, maana yake maji yanayochafuka. Wazee hawakulitoa hewani hilo jina. Asubuhi ziwa limetulia kama chai kwenye kikombe, alasiri upepo unaamka na mawimbi yanaanza. Likumbuke jina hilo, tutalihitaji tukifika kwenye boti.

Naivasha pia kuna shule nyingine ya kuelea, ya mimea. Mafunjo ya kando ya ziwa hushikana mizizi hadi yakawa mikeka minene, na upepo ukivuma kipande kinakatika na kuanza kusafiri kama kisiwa, ndege wakiwa juu yake. Baadaye ikaja mimea ya kigeni. Salvinia, jani dogo lenye vinyweleo vinavyoshika hewa, lilitawala ziwa kuanzia miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaja gugu maji, ambalo shina lake limevimba na ukilipasua utakuta ni kama sponji iliyojaa hewa. Hii mimea ilishinda kwa mbinu ile ile ya ambachi: beba hewa ndani ya mwili wako, hakuna atakayekuzamisha. Kiboko naye amechagua njia ya kinyume. Mwili wake ni mzito kidogo kuliko maji, mifupa yake imejaa, kwa hivyo haogelei kama unavyofikiri. Anatembea chini, kwenye sakafu ya ziwa, na kujisukuma juu akitaka kupumua.

Kisha kuna hadithi ambayo vijana wengi wa Naivasha hawajawahi kusimuliwa. Kati ya 1937 na 1950, ziwa lile lilikuwa uwanja wa ndege. Si uwanja kando ya ziwa, ziwa lenyewe! Kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways, na baadaye BOAC, zilikuwa na ndege za majini zenye tumbo kama la meli, zikitoka Southampton kuelekea kusini mwa Afrika na kubeba abiria na barua. Ndege aina ya Short Empire ikiwa imejaa ilikuwa na uzito wa karibu tani 18. Ilipotua Naivasha na kusimama, ilikuwa imesukuma karibu tani 18 za maji ya Naivasha, kilo kwa kilo. Lile ziwa halikujali kwamba ndani mmepanda mabwana wakubwa wa koloni. Linajali uzito na nafasi, basi.

Tena wale marubani walikuwa na orodha. Kila abiria alihesabiwa, kila gunia la barua likapimwa, kwa sababu Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojazwa kupita kiasi ingekimbia majini bila kuinuka. Angalia mpangilio huo: ndege ya mkoloni ilipimwa, twiga wa Baringo akapimwa. Mtu wa kawaida anayevuka ziwa Jumanne na gunia lake la mahindi, nani anampima?

Nitakuonyesha kwa nini naumia na jambo hili. Chukua boti ndogo, tufanye ina umbo la sanduku ili hesabu iwe rahisi. Urefu mita 6, upana mita 1 na nusu. Sakafu yake ni mita za mraba 9. Ili boti hiyo izame sentimita moja tu zaidi, inahitaji mzigo wa kilo 90. Watu 10 wa kilo 70 ni kilo 700, kwa hivyo boti inashuka karibu sentimita 8. Watu 20, karibu sentimita 16. Ongeza injini, mafuta, magunia, na pikipiki ya boda ambayo mwenyewe amekataa kuiacha. Boti halisi imechongoka mbele, kwa hivyo inashuka zaidi ya hapo. Ukingo uliokuwa umbali wa mkono kutoka kwenye maji sasa uko umbali wa kiganja. Asubuhi hakuna shida, mtafika mkipiga stori. Lakini alasiri Nai'posha inakumbuka jina lake, wimbi moja linaruka ukingo, lita 100 zinaingia ndani, hizo ni kilo 100 za ziada, boti inashuka tena, na wimbi la pili linapata mlango uko wazi zaidi. Hivi ndivyo boti inavyozama. Haizami kwa sababu ya mkosi au jini wa ziwa. Inazama kwa sababu nafasi ya ziada iliuzwa kwa nauli.

Afrika Mashariki tumelipa somo hili kwa bei mbaya. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe pale Mombasa kilipinduka kikiwa na watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa karibu kabisa na ufuo. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Chombo kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Soma tena hiyo sentensi. Waliokufa walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale walioruhusiwa kupanda.

Na kuna MV Bukoba, Mei 1996, karibu na Mwanza. Meli ilipinduka lakini haikuzama mara moja. Ilibaki inaelea tumbo juu, kwa sababu hewa ilinaswa ndani, na watu walikuwa hai humo, wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka kupitia lile tundu, maji yakaingia kutoka chini, na meli ikazama na waliokuwemo. Waliotoboa walikuwa na moyo mzuri. Lakini hewa ile ndiyo iliyokuwa inashikilia meli, na moyo mzuri haukutosha kuibakisha ndani. Ndiyo maana nasema fizikia hii si ya kupita mtihani halafu unaifungia kabatini.

Wengine waliamka zamani. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na wenye meli waliojaza vyombo vibovu kupita kiasi, kisha kikizama wanalipwa bima, na mabaharia wanazikwa na mawimbi. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, akapiga kelele bungeni hadi sheria ya 1876 ikalazimisha meli kupakwa alama ubavuni. Maji yakifunika alama, umezidisha, hakuna mjadala. Leo kila meli kubwa ya mizigo inayoingia bandari ya Mombasa ina alama hizo, tena si mstari mmoja. Kuna wa maji ya chumvi na wa maji baridi, kwa sababu lita ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025 na inasukuma kwa nguvu zaidi. Meli ile ile, mzigo ule ule, ikiingia maji yasiyo na chumvi inashuka kidogo. Ukitaka kuamini, weka yai bichi kwenye glasi ya maji, litazama. Koroga chumvi kijiko baada ya kijiko, utaliona linapanda. Sasa kumbuka kwamba Baringo na Naivasha ni maji baridi. Ziwa letu linabeba kidogo kuliko bahari. Sisi ndio tulipaswa kuwa waangalifu zaidi.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu ziwa limekuja kwetu. Zamani ungeweza kusema, mimi si mvuvi, boti hainihusu. Leo mwambie hivyo mtu wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, ambaye mwaka 2020 na tena 2025 alitolewa nyumbani kwa boti, godoro kichwani. Mwambie mtu wa Kampi ya Samaki ambaye barabara aliyokuwa anapita utotoni iko chini ya maji. Hapa Nakuru, ziwa limemeza ofisi za zamani za mbuga na kusogelea mashamba ya watu. Watoto ambao babu zao walikuwa wafugaji na wakulima sasa wanavuka maji kwenda shule. Tumekuwa watu wa majini bila kufundishwa umajini.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na nayasema bila kuzunguka.

Kwanza, kila boti ya abiria Naivasha na Baringo ipakwe mstari ubavuni, rangi nyekundu inayoonekana na mtoto. Si namba ya watu, kwa sababu namba inabishaniwa: "huyu ni mwembamba", "hao ni watoto", "tunafika tu hapo". Mstari haubishani na mtu. Ukizama, mtu au gunia moja linashuka. Kopo la rangi na siku moja ya fundi anayejua kazi yake, basi. Kaunti zetu haziwezi kusema hazina pesa ya rangi.

Pili, jaketi la kuokoa maisha livaliwe, lisikaliwe kama mto wa kiti. Mwili wa binadamu una densiti karibu sawa na ya maji, kwa hivyo jaketi halihitaji kukubeba wote. Linahitaji kuinua kichwa chako tu, na lenye nguvu ya kubeba kilo 10 hivi linatosha mtu mzima. Na kama hakuna jaketi, jua kwamba mtungi mtupu wa lita 20, kifuniko kikiwa kimefungwa sawasawa, unaweza kushikilia karibu kilo 19. Haulingani na jaketi, lakini ni tofauti kati ya kushika kitu na kushika hewa.

Tatu, walimu wangu wa fizikia, nawaheshimu sana, lakini tokeni maabara. Mtoto wa Marigat anafundishwa kuelea kwa kopo na kijiwe, wakati mvuvi wa ambachi yuko hapo chini ya mlima. Mleteni yule mzee darasani. Mwacheni aeleze kwa nini chombo chake kinavuja na hakizami. Halafu mpeni mtoto hesabu ya jukwaa la Asiwa aipige mwenyewe, mapipa mangapi, twiga kilo ngapi, ziada kiasi gani. Mtoto aliyepiga hesabu hiyo, siku akiambiwa "ingia tu, nafasi ipo", ataangalia ukingo kwanza.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, huna haja ya kungoja kaunti. Kabla ya kuingia kwenye boti, usimuulize kepteni kama iko sawa, atakuambia iko sawa. Angalia umbali kati ya maji na ukingo. Ukiona kiganja, na bado anaita watu, shuka. Nauli utapata nyingine.